Uhura Aliposahau Yote Isipokuwa Kiswahili

Ndugu Mhariri aliponiandikia kuniomba makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, nadhani alitazamia nieleze mambo ya karanga. Kila mtu wa Nachingwea aliyepata kusoma historia Chuo Kikuu huombwa aeleze mambo ya karanga. Nitayagusa hapo mbele, maana hayakwepeki, lakini safari hii naomba ruhusa ya wanafunzi wenzangu wa zamani niandike juu ya jambo litakalowashangaza baadhi yenu: mchezo wa televisheni wa Kimarekani wa mwaka wa 1967, unaosimulia habari za watu wanaosafiri angani baina ya nyota. Mchezo huo una dakika zisizofika moja ambazo zinatuhusu sisi kuliko zinavyowahusu waliouandika.

Mchezo wenyewe unaitwa "The Changeling", nao ni sehemu moja ya mfululizo mrefu wa "Star Trek". Mfululizo huo ulibuniwa na Gene Roddenberry, ukaonyeshwa na shirika la NBC la Marekani kuanzia tarehe 8 Septemba, 1966 hadi mwezi wa Juni, 1969. Ni hadithi za kubuni za kisayansi: chombo kikubwa cha angani kiitwacho Enterprise kinazunguka katika karne zijazo, na kila wiki mabaharia wake wanakutana na ajabu nyingine. Nahodha ni Kirk, msaidizi wake ni Spock mwenye masikio yaliyochongoka, daktari ni McCoy, fundi mkuu ni Scott. Na mwenye kushika mitambo ya mawasiliano, aliyekaa nyuma ya nahodha na chombo cha kusikilizia sikioni, ni mwanamke Mwafrika aitwaye Uhura.

Sisi hatukuuona wakati ule, na wala wazazi wetu hawakuuona. Zanzibar walipata televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970, jambo ambalo ndugu zetu wa Visiwani hawachoki kutukumbusha, na wana haki. Huku Bara, Serikali iliona kwamba televisheni ni anasa kwa nchi isiyo na maji wala zahanati za kutosha, na tukakaa na redio yetu hadi mwaka wa 1994 vilipoanza vituo vya watu binafsi. Mimi nilikuwa kijana wa shule ya msingi Kilimarondo mwaka huo, na habari za televisheni zilitufikia kama zinavyofika habari za mbali: kwa mdomo wa dereva wa lori la korosho. "The Changeling" niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa Mlimani, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye kanda ya video iliyokuwa imechakaa hata sura za watu zilikuwa zikicheza. Nimeiona tena mwaka jana, safi kabisa, na ndiyo sababu ya makala haya.

Nianze na jina, maana mtu wa Kiswahili hawezi kulipita. Nichelle Nichols, mwigizaji aliyekuwa Uhura, alieleza mara nyingi kwamba siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa na kitabu mkononi kiitwacho "Uhuru", cha Mmarekani Robert Ruark, kilichotoka mwaka wa 1962. Neno hilo likampendeza Roddenberry. Mtakumbuka kwamba Tanganyika ilijitawala 1961, Uganda 1962 na Kenya 1963. Neno lile lilikuwa likipaa duniani kote wakati ule. Lakini badala ya kumwita Uhuru walilainisha mwisho wake wakamwita Uhura, kana kwamba irabu ya "a" inamfanya mtu kuwa mwanamke. Hayo ni mambo ya Kilatini na Kiitaliano. Kiswahili hakijui jinsi ya kike na ya kiume katika majina. Kina ngeli zake, nazo hazibagui baba na mama. Kwa hiyo jina la Mwafrika mashuhuri kuliko wote katika hadithi za anga ni neno letu lenye kosa la sarufi mwishoni. Hata hivyo silichukii. Jina la kwanza, Nyota, alilopewa baadaye katika vitabu vya miaka ya 1980 na kuthibitishwa katika filamu ya mwaka wa 2009, halina kasoro yoyote.

Sasa hadithi yenyewe. Enterprise inafika kwenye nyota walikokuwa wakiishi viumbe zaidi ya bilioni nne na kuwakuta wote wamekwisha. Aliyewamaliza ni mashine ndogo, ya kimo cha mtoto hivi, inayoelea hewani na kusema kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Inaitwa Nomad. Ilirushwa kutoka duniani mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenda kutafuta uhai mwingine, ikagongwa na kimondo, ikapoteza sehemu ya akili yake. Huko mbali ikakutana na mashine ya watu wengine iliyotumwa kuchukua sampuli za udongo na kuzisafisha zisiwe na vijidudu. Mashine hizo mbili zikaungana, na maagizo yao yakachanganyika: kutafuta uhai, na kusafisha. Matokeo yake ni mashine inayotafuta uhai ili iufute kila inapoukuta una kasoro. Na nani asiye na kasoro?

Jina la mchezo latokana na imani ya zamani ya Wazungu kwamba majini huweza kumwiba mtoto mchanga na kumwacha wa kwao kitandani. Nomad aliyeondoka siye aliyerudi.

Kilichowaokoa mabaharia ni kosa. Mtaalamu aliyeiunda Nomad aliitwa Roykirk, na mashine iliposikia jina la nahodha Kirk ilidhani imempata muumba wake. Ikaingizwa chomboni. Hapo ndipo Uhura alipokuwa akiimba kazini kwake. Mashine ikamsikia, ikauliza anafanya nini na kwa sababu gani, haikuridhika na majibu, ikamchungulia akilini na kumfuta kila alichokijua. Fundi Scott alipokimbilia kumtetea akauawa papo hapo. Baadaye mashine ilimfufua Scott kwa amri ya nahodha kama fundi anavyotengeneza redio, lakini kumbukumbu za Uhura haikuweza kuzirudisha. Ikabidi afundishwe upya kuanzia kusoma.

Mwisho wake nitausema kwa kifupi. Kirk anaithibitishia Nomad kwamba yeye siye muumba wake, kwa hiyo imekosea, na kama imekosea basi na yenyewe ina kasoro, na chenye kasoro hufutwa. Mashine inachanganyikiwa, inatupwa nje, inalipuka.

Nikiupima kama mchezo, nasema una mazuri na mabaya, na sitaki kuyasawazisha kwa adabu. Mazuri: Nomad inatisha kweli, na inatisha kwa gharama ndogo, maana ni boksi tu na sauti ya Vic Perrin. Mwandishi, John Meredyth Lucas, alielewa jambo ambalo wengi hawakulielewa mwaka wa 1967, kwamba mashine ya hatari si ile yenye chuki bali ile inayotii maagizo yasiyopatana. Wazo hilo lilikuwa na nguvu kiasi cha kurudiwa karibu lote katika filamu yao kubwa ya kwanza ya mwaka wa 1979, ambako mashine inayorudi nyumbani ni chombo cha jamii ya Voyager. Siku hizi tunapoambiwa kila asubuhi juu ya mashine zenye akili, mchezo huu haujazeeka hata kidogo.

Mabaya nayo ni makubwa. Kirk kuishinda mashine kwa maneno ni hila waliyoitumia mara nyingi mno. Mtu akiuona mfululizo huu wote atakutana nayo si chini ya mara mbili. Scott kufa na kufufuka katika muda wa kunywa kikombe cha chai kunaondoa uzito wa kifo. Na hapo mwisho kabisa nahodha anafanya mzaha juu ya mashine ile kana kwamba ni mwanawe aliyesomea udaktari, na wenzake wanatabasamu, ilhali dakika hamsini tu zilizopita walikuta viumbe bilioni nne wamekufa. Kwetu, mtu akifa mmoja kijijini, hata wenye duka hufunga. Sikuweza kucheka.

Lakini kosa ninalolishikilia zaidi ni habari ya Uhura. Mtu amefutwa maisha yake yote: mama yake, utoto wake, watu aliowapenda. Daktari anatangaza kwamba ubongo haujaharibika, kwa hiyo watamfundisha upya, na kabla mchezo haujaisha tunaambiwa kwamba amekwisha kufikia kiwango cha chuo na baada ya wiki moja atakuwa kazini! Waandishi walimfanya mtu kuwa ghala. Magunia yameibwa, basi leteni magunia mengine. Na katika sehemu zilizofuata hakuna aliyekumbuka kwamba jambo hilo lilipata kutokea.

Hapa ndipo naomba kuingiza zile karanga, kama nilivyoahidi. Nilipoiona mara ya pili ile mashine ya kusafisha udongo nilifikiri moja kwa moja juu ya Nachingwea. Mwaka wa 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu Kongwa, Urambo na huku kwetu ili kulima karanga za mafuta kwa ajili ya Waingereza waliokuwa na njaa ya mafuta baada ya vita. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Reli ilijengwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Maagizo yalikuwa wazi: fyeka, panda, safirisha. Hakuna aliyewauliza wenyeji mvua hunyesha lini. Mwezi wa Januari, 1951 mpango ulitangazwa kuwa umekufa, zikiwa zimepotea paundi milioni 36 hivi, na reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hata leo kuna mahali wilayani kwetu panapoitwa Farm 17, jina ambalo mtoto hulitamka bila kujua kwamba ni namba iliyoandikwa na mtu kwenye ramani. Mashine zilizokuja na maagizo kutoka mbali tunazijua. Basi, nimemaliza karanga.

Nirudi kwenye zile dakika chache nilizotaja mwanzoni. Uhura ameketi kwenye chumba cha wagonjwa, anajifunza kusoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Aliye naye ni muuguzi Chapel, mwanamke mpole. Kwenye kioo kuna sentensi za Kiingereza za mbwa na mpira. Uhura anasoma kwa taabu. Akifika kwenye neno la Kiingereza la rangi ya buluu, anaitamka na ile "e" ya mwisho. Wengi wa watazamaji wa Marekani walichekeshwa, nadhani. Mimi nilinyanyuka kitini. Hivyo ndivyo anavyosoma kila Mswahili anayekutana na Kiingereza kwa mara ya kwanza, kwa kuwa lugha yetu huandikwa inavyotamkwa na kila irabu hupewa haki yake! Sijui kama mwandishi aliyafikiri hayo au yalimtokea kwa bahati. Kisha Uhura, kwa kuchoka au kwa hasira, anasema maneno ya Kiswahili. Na muuguzi anamkatiza kwa upole: isiwe kwa Kiswahili, iwe kwa Kiingereza.

Tafakarini jambo hilo. Mashine yenye uwezo wa kuua dunia nzima imefuta kila kitu kichwani mwa mwanamke yule, na Kiswahili kimebaki. Hiki ndicho kitu pekee alichosalia nacho. Na jambo la kwanza anaaloambiwa na mtu anayempenda ni akiache ili afundishwe.

Haikuwa mara ya kwanza Kiswahili kusikika katika mfululizo ule. Katika "The Man Trap", sehemu ya kwanza kabisa kuonyeshwa mwaka wa 1966, zimwi linalobadilisha sura linamjia Uhura kwa umbo la baharia mweusi na kumsemesha Kiswahili ili limlaghai. Kwa hiyo katika mwaka wake wa kwanza Kiswahili kilikuwa lugha ya mtego, na mwaka wa pili kikawa lugha ya kukatazwa. Hata hivyo kilikuwepo, na mara ngapi lugha ya Afrika ilipewa nafasi yoyote? Katika filamu ya "Return of the Jedi" ya 1983, mwanafunzi Mkenya Kipsang Rotich alisema maneno ya Kikikuyu kwa kinywa cha kiumbe wa nyota nyingine, na huko kwa wengine ilipita kama lugha ya mazimwi, isipokuwa kwa waliokuwa wakicheka Kenya.

Sasa tazameni tarehe. "The Changeling" ilionyeshwa tarehe 29 Septemba, 1967. Mwaka huohuo, mwanzoni, Makamu wa Pili wa Rais, Ndugu Rashidi Kawawa, alikuwa ameagiza kwamba shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Februari likatoka Azimio la Arusha. Machi ikatoka Elimu ya Kujitegemea. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa, na shule za msingi zikaelekezwa kufundisha masomo yote kwa Kiswahili. Kule Marekani muuguzi alikuwa akisema kisiwe, na huku kwetu taifa zima lilikuwa likisema kiwe. Kama historia ingeishia hapo ningekuwa na makala matamu sana ya kuwaburudisha.

Haikuishia hapo. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, wa 1969 hadi 1974, ulitaja kwamba Kiswahili kingepanda polepole hadi shule za sekondari. Kilipanda kwenye somo la siasa, kikakwama. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilitoa taarifa mwaka wa 1982 na kupendekeza kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka wa 1985 na vyuo vikuu mwaka wa 1992. Serikali haikukubali. Mwaka wa 1984 wataalamu wawili Waingereza, Criper na Dodd, walipima wanafunzi wetu na kukuta kwamba wengi mno hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusoma vitabu vyao wenyewe. Tiba iliyotolewa ikawa ni msaada wa kuongeza Kiingereza. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyekisimamisha Kiswahili kuliko mtu mwingine yeyote, alikifananisha Kiingereza na Kiswahili cha dunia, na akahofia kwamba tukikiacha shuleni kitatupotea kabisa. Sera ya mwaka wa 1995 iliendeleza hali hiyo. Sera ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilifungua mlango kwa lugha zote mbili, lakini mtoto wa kidato cha nne bado anafanya karibu mitihani yake yote kwa Kiingereza. Wakati huohuo UNESCO imeitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, uamuzi wa Novemba 2021, na Umoja wa Afrika umekifanya lugha yake ya kazi. Tunakisherehekea Julai, na Januari tunamwambia mtoto wa kidato cha kwanza akiache mlangoni.

Nasema hivyo nikiwa mtumishi wa Serikali ambaye nyaraka zake zote ni za Kiswahili. Nasema pia nikiwa na deni, nami niliungame hapa kwa kuwa wengine wenu mnalijua.

Kabla sijahamia shule hii yetu, nilianza kidato cha kwanza katika shule nyingine ya bweni. Huko kulikuwa na kibao chenye kamba. Atakayesikika akisema Kiswahili alivishwa shingoni, naye alikuwa na kazi ya kuviziavizia mpaka amsikie mwingine, amvishe. Atakayelala nacho alikutana na fagio na jembe alfajiri. Kijana mmoja aliumwa na nge usiku, akapiga yowe la Kiswahili, na asubuhi akakikuta kibao juu ya kitanda chake. Hilo tulilicheka muhula mzima. La pili sikulicheka. Jioni moja kibao kilikuwa shingoni mwangu na saa za kulala zilikuwa zinakaribia. Mwenzangu tuliyetoka naye huku Kilimarondo alinijia nyuma ya bweni, akanong'ona kwamba amepata barua, baba yake hali yake ni mbaya. Aliniambia kwa Kiswahili. Angeniambia kwa lugha gani? Nilimsikiliza mpaka alipomaliza. Kisha nikavua kibao nikamvisha. Hakunilaumu wala hakusema neno. Alikaa bila kunisemesha mpaka likizo, na baba yake alikuwa amekwisha kuzikwa tulipofika nyumbani.

Tulipatana baadaye, tena zamani. Lakini nilipomwona muuguzi Chapel na uso wake mwema nilimfahamu mara moja. Hakuwa mkatili. Nami sikuwa mkatili. Tulikuwa tukifuata utaratibu wa mahali.

Siwezi kusema Kiingereza kimenidhuru. Kimenipa Mlimani, kimenipa kazi, kimenipa hata mchezo huu ninaoukosoa. Wenzetu wanaotaka Kiswahili kitawale masomo yote kesho asubuhi huniudhi wasipojibu vitabu vya fizikia vitaandikwa na nani na kwa fedha ipi. Wanaosema Kiswahili hakiwezi sayansi huniudhi zaidi. Katama Mkangi, Mkenya, alimpandisha mtu kwenye chombo cha kuruka na kumfikisha nchi nyingine katika riwaya yake ya "Walenisi" ya mwaka wa 1995, na Kiswahili hakikuanguka njiani.

Mwaka jana, nikiwa likizo Kilimarondo baada ya mavuno ya ufuta, niliwaonyesha watoto wa dada yangu mchezo huu kwenye kompyuta yangu ndogo. Tulikaa barazani, wao sita, dada yangu, na mama mkubwa ambaye umri wake ni miaka sabini na ushei. Nilikuwa nikiwafasiria. Nomad waliipenda. Jina la Uhura lilichekwa na wote, kama nilivyotarajia. Scott alipofufuka mdogo wao aliuliza kwa nini wasimpeleke na babu yake kwa mashine ile, na dada yangu akamnyamazisha.

Tulipofika kwenye chumba cha wagonjwa sikufasiri. Uhura akasoma, akaitamka ile "e" ya mwisho, akasema Kiswahili chake ambacho si cha mtu wa Lindi hata kidogo, na muuguzi akamkataza. Mpwa wangu wa kike, aliyekuwa kidato cha pili, ambaye usiku uliotangulia nilimkuta akikariri ukurasa mzima wa Baiolojia bila kujua hata sentensi moja inasema nini, alinigeukia.

"Mjomba, hata huko?"

Nikamwambia ndiyo, hata huko. Akataka turudishe nyuma. Tukarudisha, wote wakainama kwenye kioo kusikiliza Uhura anasema nini hasa, wakabishana; mmoja alidai amesikia neno hili, mwingine lile.

Mama mkubwa alikuwa kimya muda wote. Kiswahili alikijulia ukubwani, kwa ajili ya soko na ofisi ya kijiji. Nyumbani husema Kimwera, na sisi humjibu kwa Kiswahili, maana tulipokuwa darasa la kwanza Kimwera ndicho tulichokatazwa kukisema uwanjani. Akauliza yule mwanamke anasema lugha gani. Tukamwambia Kiswahili. Akauliza tena kama amesahau kila kitu kweli, hata mama yake. Tukamwambia hata mama yake.

"Sasa mbona anasema Kiswahili?" akasema. "Kwao hawana lugha?"

Watoto walicheka. Nilimweleza kwamba mfululizo mpya ulioanza mwaka wa 2022 umemfanya Uhura kuwa mtu wa Kenya, lakini waandishi wa mwaka wa 1967 hawakusema kwao ni wapi. Hakuridhika. Alitaka kujua ni Kenya ya upande gani, na ya watu gani, nami sikuwa na jibu la kumpa. Mpwa wangu akaomba turudishe kwa mara ya tatu, na betri ikazimika Uhura akiwa bado kwenye mbwa na mpira.